Ng'ombe Wanne

Ijumaa jioni tulishuka Hombolo na mabegi mawili,
lako jeusi, langu la maua, zipu imekatika.
Mlangoni wakatuandika: Ndahani na Sechelela,
wachumba, jozi namba saba.
Wanaume bweni la kushoto, wanawake la kulia,
katikati tangi la maji na mbwa amejilaza
kama mjumbe aliyechoshwa na vikao vya kanisa.

Upepo wa Agosti hauna adabu.
Ulifunua Biblia kabla ya mwalimu,
ukatia mchanga kwenye chai, kwenye maandazi,
ukafuta ubao herufi kwa herufi
hadi "ndoa" ikabaki "ndo".
Ukaninong'oneza, "Ndo hivyo,"
nikacheka hadi jozi namba nne wakageuka.

Mama Yudithi na mumewe, Mwinjilisti Mbeleje,
miaka thelathini na mmoja ndani ya pete,
waligombana mbele yetu, ugomvi wa kweli,
nani kasahau ufunguo wa stoo.
Ulipoonekana, ulikuwa mfukoni mwa mama.
"Somo la kwanza," akasema, na hakuomba radhi.

Jumamosi wakagawa karatasi.
"Andika jambo asilolijua mwenzako.
Dakika ishirini. Msitazamane."
Nilikutazama. Ulikuwa unatafuna kalamu
kama mbuzi aliyeona kamba.

Tukabadilishana.
Mwandiko wako ulilala upande mmoja:
*Katika wale saba niliowapeleka kwenu
wanne ni wa mkopo. Namlipa Masima wa Kibaigwa
laki na nusu kila mwezi. Imebaki kumi na sita.*

Nikawaona zizini kwa baba, mmoja mmoja.
Yule mwekundu mwenye baka kwenye paji
amezaa juzi; baba anamwonyesha kila mgeni,
hata aliyekuja kuuliza njia tu.

Nawe ulikuwa unasoma yangu, midomo ikitembea:
*Nina milioni moja na laki nne,
za zabibu, misimu mitatu, zipo kwenye simu ya dada,
ili siku nikikukimbia
nisikimbie kwa miguu.*

Kengele ya chakula ikalia.
Tulikula ugali wa uwele na mlenda, kimya.
Mlenda hauna simile: ukiuvuta unakufuata,
ukiukata unarudi mdomoni mwako.

Usiku nilisikia viatu vyako huku na huku kwenye kokoto.
Sikutoka.
Jirani yangu wa kitanda, msichana wa Mpwapwa,
akauliza kama tumeachana.
Nikamwambia bado hatujaoana,
tutaachanaje?

Jumapili, baada ya ibada, uliuliza swali.
"Ndama aliyezaliwa na ng'ombe wa deni ni wa nani?"
Mwinjilisti akakuna kidevu.
Akasema hilo halimo kwenye kitabu cha mafundisho,
Mama Yudithi akasema, "Ni wa aliyeamka usiku kumzalisha."
Basi ni wa mama yangu.

Tukakaa nyuma ya tangi, chini, kwenye vumbi.
Ukapanga kokoto kumi na sita.
Nikaondoa tano: laki saba na nusu.
Laki sita na nusu nilibakiza.
Ulijua. Uliziangalia zile kumi na moja
muda mrefu kuliko hesabu inavyotaka,
na hukuuliza.

Nilikuwa bado na hasira, nataka ieleweke.
Hasira ya kudanganywa mbele ya baba yangu
anayehesabu mifugo kwa kidole gizani.
Nawe ulikuwa na yako, niliiona shingoni.
Hakuna aliyeombea hizo hasira.

Vyeti vikagawiwa. Changu kimeandikwa *Sechelele*.
Ukataka kirudishwe, nikakataa,
acha huyo naye aolewe.

Getini, tukingoja pikipiki,
uliokota waya uliodondoka kwenye uzio,
ukaufunga mdomo wa begi langu, mizunguko miwili.
Nikauliza, "Na nikitaka kulifungua?"
"Zungusha kushoto," ukasema,
ukanionyesha.